Kumsaidia Mtoto Kazi ya Fasihi Bila Kumpa Jibu: Mwongozo Kamili kwa Wazazi na Walezi

Kila muhula wazazi huniletea kilio kilekile. Mtoto alirudi na kazi ya fasihi ya Kiswahili, wakakaa naye mezani, wakaimaliza, ikapata alama nzuri. Mtihani ulipofika, mtoto yuleyule aliandika sentensi mbili akabaki anatazama dari. Ukimuuliza atasema alisahau. Hakusahau kitu. Hajawahi kujibu swali la fasihi hata siku moja. Aliyekuwa akijibu ni wewe, yeye akinakili.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayekaa na mwanafunzi wa sekondari nyumbani: mzazi, shangazi, kaka aliyemaliza shule, jirani. Mimi nafundisha Busia, upande wa Uganda. Hapa Kiswahili unakipata kila kona ya mpaka, lakini ukitaja fasihi watu wazima wanakumbuka shughuli nyingine. Huna haja ya kuwa umesoma fasihi. Kusema kweli, asiyeisoma mara nyingi husaidia vizuri zaidi, kwa sababu hana jibu la kuropoka.

Jambo moja kuhusu alama kabla hatujaanza. Katika mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, kazi za darasani huchangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE (cheti cha kumaliza sekondari ya chini), na mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, asilimia 80. Wapo wanaosikia hiyo 20 wakaamua kumfanyia mtoto kazi ili alama zipande. Ile 80 ataifanya peke yake, na shangazi haruhusiwi kuingia.

## Vitu vya kuandaa

- Matini yenyewe. Shairi, hadithi au tamthilia iliyotajwa katika swali, si muhtasari wake. Kama shule ina nakala chache na watoto wanapokezana, anakili kwa mkono shairi zima au kurasa zinazohusika kabla kitabu hakijamwendea mwingine. Kunakili kwenyewe ni kusoma.
- Swali, neno kwa neno, kama mwalimu alivyoliandika. Usikubali "mwalimu amesema tuandike kuhusu dhamira" (dhamira ni wazo kuu la matini).
- Daftari la rafu na daftari la kazi. Yasiwe moja.
- Penseli moja, ya mtoto. Wewe usishike chochote cha kuandikia mpaka Hatua ya 6.
- Vipande vya karatasi vya kuweka kati ya kurasa, maana kitabu cha shule hakichorwi.
- Kamusi ya Kiswahili, hata kuukuu.
- Mwanga. Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati ya kazi mtoto atataka njia ya mkato. Weka taa ya sola karibu.
- Dakika 45 hivi. Zikizidi saa moja, mmoja wenu atachoka, na anayechoka kwanza huwa mtu mzima. Hapo ndipo majibu huanza kudondoka.

Visivyotakiwa mezani: simu, na pamfuleti za maswali na majibu. Ninajua pamfuleti zinapatikana kwa bei ya chapati chache. Zinaweza kusaidia wiki ya marudio. Usiku wa kazi ya nyumbani zinaua kila kitu.

## Kipi ni jibu, kipi si jibu

Hapa ndipo walezi wengi huteleza, kwa pande zote mbili. Wengine hutoa kila kitu. Wengine hukaa kama mawe wakidhani hata maana ya neno ni siri.

Maana ya neno gumu: sema, au mwonyeshe kwenye kamusi. Maana ya istilahi kama *nafsineni* (anayezungumza ndani ya shairi) au *kituo* (mshororo, yaani mstari, wa mwisho wa ubeti): sema. Jambo la nje ambalo mtoto hawezi kulijua, kwa mfano kwamba zamani barua zilichukua wiki nzima njiani: sema.

Lakini shairi linazungumzia nini, mhusika ana tabia gani, kwa nini mtunzi amechagua picha hii na si ile: hayo usiyaguse. Hayo ndiyo swali lenyewe. Ukisita, jiulize kama jambo hilo lingepewa alama kwenye karatasi. Likipewa, funga mdomo.

## Shairi la kufanyia mazoezi

Nimelitunga kwa ajili ya mwongozo huu, ili asiwepo wa kwenda kutafuta uchambuzi wake popote. Ni tarbia ya ukara: mishororo 4 kila ubeti, mizani (silabi) 8 kwa 8, vina vya mwisho vinatiririka, vya kati vinabadilika.

*Mizigo nimeibeba, ya nyanya hadi sokoni,*
*Wagonjwa wataka tiba, nawabeba mgongoni,*
*Mchana kazi si haba, usiku barabarani,*
*Leo kutu nimeshiba, kuku hulala kitini.*

*Ada mimi nilisaka, wana wakenda chuoni,*
*Na magari wameweka, yamepangwa uwanjani,*
*Wageni wakinicheka, nao hutazama chini,*
*Kengele nayo yataka, ilie tena njiani.*

Swali: *Ni nani anayezungumza katika shairi hili? Jadili dhamira kuu na uthibitishe hoja zako.*

Lisome wewe kwanza, peke yako, mtoto hajafika mezani. Kisha liweke pembeni jibu lako.

## Hatua ya 1: Mtoto alivunje swali

Kabla ya kugusa shairi, mtoto asome swali na kulisema upya kwa maneno yake. Akitaka kutumia Lusamia, Luganda au Lugbara, mwache. Hapa tunapima kama ameelewa anachotakiwa kufanya, na lugha ya nyumbani haidanganyi.

Mwambie apigie mstari vitenzi vya amri. *Taja* anataka orodha. *Eleza* anataka sababu. *Jadili* anataka pande au hoja kadhaa. *Thibitisha* anataka maneno ya shairi lenyewe. Watoto wengi hupoteza alama hapa, si kwenye ushairi: wameambiwa wajadili, wametaja.

Maswali ya siku hizi mara nyingi huanza na kisa. Kwa mfano: wazee wa kijiji chenu wameachwa bila msaada, ukitumia shairi ulilosoma, andaa hotuba kwa vijana. Hapo mtoto atenge mambo mawili: *ninaandika nini* (hotuba, kwa vijana) na *ninatoa wapi hoja* (kwenye shairi). Akiliruka la pili, ataandika hotuba tamu isiyo na fasihi ndani yake.

Utajua imefaulu akikuambia, bila kutazama, "nitafute nani anasema, halafu niseme shairi linahusu nini na nionyeshe mistari." Muda: dakika 5.

## Hatua ya 2: Asome kwa sauti, wewe usikilize

Mara mbili. Ya kwanza asisimamishwe hata akikosea. Ya pili agonge meza kwa kidole kila silabi: *le-o-ku-tu-ni-me-shi-ba*, nane.

Kuna sababu. Mtoto asiyeelewa husoma kwa kasi na kwa sauti bapa. Anapoelewa, sauti yake hupanda na kushuka yenyewe. Utasikia mahali maana inapokatika kabla yeye hajaiona. Wekeni kipande cha karatasi hapo.

Maneno magumu yatoke sasa. Hapa huenda yakawa *kutu* na *saka*. Mpe maana, muendelee.

Onyo: usimsomee wewe. Mtu mzima anayejua kusoma shairi hulitafsiri kwa sauti yake tu; ukisoma mshororo wa mwisho kwa huzuni umeshamwambia toni ni ya huzuni.

## Hatua ya 3: Kwanza kinachoonekana

Msirukie dhamira. Uliza mambo ya juujuu: Nani anazungumza? Nani wengine wametajwa? Wako wapi? Nini kimebadilika kati ya mwanzo na mwisho?

Haya ndiyo mazungumzo yanavyokwenda. Huyu ni shangazi na kijana wa S2 (mwaka wa pili wa sekondari):

"Nani anasema hapa?"

"Mama."

"Umemwona wapi huyo mama?"

"Amebeba mizigo ya nyanya, ametafuta ada."

"Sawa. Mistari gani mingine inakubaliana na mama? Na upo wowote unaokataa?"

Kimya. Kidole kinashuka kwenye ukurasa.

"Huu wa kutu, shangazi. Mtu hapati kutu."

"Endelea."

"Kuku hulala kitini… kiti chake. Halafu ana kengele." Kidole kinasimama. "Ni baiskeli!"

Tazama alichofanya shangazi. Hakusema "si mama." Hakusema "jaribu tena," ambayo ni njia ya adabu ya kusema si mama. Aliomba mistari inayokubali na inayokataa, basi. Swali hilo moja likiingia mdomoni mwako, nusu ya mwongozo huu umeshauelewa. Linafaa jibu likiwa baya, na linafaa likiwa zuri. Ukiliuliza kwa majibu mabaya peke yake, baada ya siku chache mtoto atajua kwamba ukiuliza amekosea, ataacha kusoma ukurasa na kuanza kusoma uso wako.

Halafu usilitupe lile jibu la "mama." Mwambie aliandike pembeni kwenye daftari la rafu. Litarudi.

Utajua imefaulu akiweza kusimulia shairi kwa sentensi tatu au nne za kawaida: baiskeli ilifanya kazi, ikalipa ada, watoto wakapata magari, sasa imeachwa. Bila hili, Hatua ya 4 itakuwa kubahatisha.

## Hatua ya 4: Kutoka mstari hadi dhamira

Hapa mnakaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Maswali ni matatu, kwa mpangilio huu, na yanarudiwa hadi mzoee:

1. Umeona nini?
2. Kiko mstari gani?
3. Kwa hiyo?

Mtoto wa kawaida ataanza na "dhamira ni usafiri." Usicheke. Muulize mistari. Atakuonyesha *sokoni, barabarani, njiani*. Ni kweli, ipo. Sasa uliza: "Usafiri unatosha kueleza ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili unasemaje?" Atakuta ada, chuo, magari, wageni wanaocheka. Usafiri utaanza kumbana, naye ataanza kutafuta neno kubwa zaidi.

Swali la tatu, *kwa hiyo?*, ndilo linalouma. Mfano:

"Umeona nini?" "Baiskeli ilitafuta ada."
"Mstari gani?" "Wa kwanza, ubeti wa pili."
"Kwa hiyo?" "Kwa hiyo… hao watoto wamesoma kwa sababu yake."
"Na magari?" "Wameyapata kwa sababu wamesoma."
"Kwa hiyo?" "Kwa hiyo magari yametokana na baiskeli. Na baiskeli ndiyo iliyotupwa."

Hakuna alichoambiwa. Akifika hapo, mrudishe kwenye kile alichoandika pembeni: "Mwanzoni ulisema mama. Kwa nini ulimfikiria mama?" Mpe nafasi. Wengi huliona wenyewe: baiskeli imesimama badala ya mtu, mzazi au mfanyakazi, aliyechoka akiwainua wengine. Jibu lililoonekana baya dakika 20 zilizopita lilikuwa na nusu ya dhamira ndani yake. Ungelifuta, lingepotea.

Mstari wenye majibu mawili. *Wageni wakinicheka, nao hutazama chini.* Nani anatazama chini? Wengi husema ni wale wana, wanaona aibu. Aibu gani basi: ya kuwa na baiskeli mbovu mbele ya wageni, au ya kujua wamekitelekeza kilichowalea? Mtunzi ndiye mimi, na sikusudii kusema. Mtoto akichagua moja na kuitetea kwa mistari mingine, amefanya fasihi. Akichagua ile usiyoipenda wewe, meza mate. Kazi yako ni kuona kama ametoa ushahidi.

Ukipata mtoto anayejibu kila swali kwa hisia ("inasikitisha," "ni nzuri," "inafundisha"), rudi swali la 2 bila huruma. Mstari gani? Neno "inafundisha" hasa lina tabia ya kuficha uvivu. Mkubaliane lisitumike mpaka aseme inafundisha *nini, kwa nani*.

Utajua imefaulu akiwa na hoja mbili au tatu kwenye daftari la rafu, kila moja na namba ya ubeti na mshororo ubavuni.

## Hatua ya 5: Tamathali za usemi, kwa kifupi

Shule zetu zinapenda orodha: tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu), sitiari (kukiita kitu kingine bila neno "kama"), tashibihi (kulinganisha kwa "kama" au "mithili ya"), takriri (kurudia neno). Mtoto huzikariri, kisha huzibandika popote. Akikuambia "hapa kuna tashihisi," kubali na uulize: "Mtunzi angeiandika bila hiyo, tungepoteza nini?"

Baiskeli *imeshiba* kutu. Ingeandikwa "baiskeli ina kutu," kipi kingepungua? Akijibu kwamba aliyewalisha wengine sasa anashiba kutu, ametoka kwenye orodha. Akishindwa, achague tamathali moja tu anayoweza kuieleza, aziache zilizobaki. Moja yenye maelezo ina thamani kuliko tano za majina matupu.

## Akikwama

Atakwama, na hapo ndipo utatamani kusema. Shuka ngazi hii, hatua moja kwa wakati, na usiruke:

Nyamaza. Hesabu moyoni hadi 20. Watu wazima wengi hawafiki 6. Mtoto akitazama dari huenda anafikiri; akitazama wewe anasubiri.

Asome tena kwa sauti ubeti unaohusika.

Punguza uwanja. "Angalia ubeti wa pili tu." Umemsaidia kutafuta, hujampa alichokuwa akitafuta.

Uliza kitu kimoja kidogo. "Kwa nini mtunzi ametaja magari?" Hiki ni kidokezo kikubwa, kitumie mara moja kwa jioni.

Onyesha kwa kitu kingine. Hii ni silaha nzuri na watu hawaitumii. Chukua methali: *Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.* Ichambueni wote, hapa unaruhusiwa kusema kila kitu. Jembe limesimama badala ya nini? Kazi. Kwa nini siku ya tatu? Ukarimu una kikomo. Nani anasema, mwenyeji au mgeni? Kisha funga mdomo, mrudishe kwenye shairi. Umemwonyesha *namna* bila kugusa jibu lake.

Aandike swali la kumpelekea mwalimu. Si "sijaelewa shairi." Liwe hivi: "Sijaelewa nani anatazama chini katika ubeti wa pili, mshororo wa tatu." Hapo kazi iende shuleni na pengo. Pengo humwonyesha mwalimu afundishe nini kesho. Ukiliziba wewe, ataendelea na mada nyingine akidhani darasa limeelewa.

Ngazi inaishia hapo. Haina kipande cha chini kinachosema "basi mwambie."

## Hatua ya 6: Aandike, wewe uulize pembeni

Mwache aandike aya moja kwenye rafu, wewe ukiwa mbali na meza. Nenda kachemshe chai. Ukikaa begani kwake, atasimama kila neno kukusikiliza.

Aya ya kwanza ya kijana wetu ilikuwa hivi:

*Dhamira ya shairi hili ni kutothaminiwa. Baiskeli ilifanya kazi nyingi. Watoto yake waliiacha. Hii ni mbaya sana.*

Sasa unaweza kushika penseli, lakini kwa alama za kuuliza tu. Pembeni ya sentensi ya kwanza: *nani hathaminiwi, na nani?* Ya pili: *kazi gani? mstari?* Ya nne: *mbaya kwa nini?* Usiandike sentensi. Usibadilishe neno lake kwa neno zuri zaidi, walimu tunaitambua sauti ya mzazi kutoka mlangoni, hasa mtoto wa S2 anapoandika "kwa hakika hakuna asiyefahamu kwamba."

Kuhusu sarufi: *watoto yake* badala ya *watoto wake* ni Kiswahili chetu cha mtaani, na kwenye karatasi kinagharimu. Usimrekebishie. Weka nukta mwanzoni mwa mstari wenye kosa, alitafute mwenyewe. Akishindwa, mwambie "upatanisho," ataona.

Aya ya pili:

*Shairi linaonyesha kuwa watu wakifanikiwa huwasahau waliowasaidia. Anayezungumza ni baiskeli. Inasema "Ada mimi nilisaka, wana wakenda chuoni," lakini wana hao sasa wana magari na baiskeli imeachwa mpaka kuku wanalala kwenye kiti. Naona baiskeli ni kama mzazi ambaye alijinyima halafu watoto wake wanamwonea aibu mbele ya wageni.*

Inaweza kunolewa, ndiyo. Iache. Ina hoja, ina nukuu sahihi, ina maelezo, na kila neno ni lake. Aihamishie kwenye daftari la kazi.

Onyo: kagua nukuu herufi kwa herufi dhidi ya shairi. Nukuu iliyopindwa ni kosa la kizembe, na kulisahihisha hakumpi jibu lolote.

## Hatua ya 7: Kitabu kifungwe

Daftari zote zifungwe. Mtoto amweleze mtu ambaye hakuwa mezani, bibi au mdogo wake, shairi lilihusu nini na amejuaje. Dakika 2. Bibi aulize swali moja la kweli, hata la kubisha: "Baiskeli ni chuma, itaoneaje watu uchungu?"

Akiweza kumjibu bibi, kazi ni yake. Akigeuka kukutazama wewe, kuna jambo ulilisema mahali ambapo hukupaswa. Rudini kwenye hoja hiyo moja, si kazi yote.

## Simu na akili bandia

Programu hizi zitaandika uchambuzi wa shairi kwa sekunde chache, kwa Kiswahili kizuri kuliko chako na changu. Pia zinaweza kutunga mshororo usiokuwemo na kuunukuu bila kupepesa macho. Kupiga marufuku peke yake hakusaidii mtoto anayetoka bweni na kukaa na simu likizo nzima. Kinachosaidia ni swali la 2: *kiko mstari gani?* Akileta hoja iliyotoka kwenye simu, usimkamate. Mfungulie ukurasa, aitafute. Zipo atakazozipata na zipo ambazo hazipo. Akizikosa mara mbili tatu mbele yako, imani yake kwa simu itapungua bila hotuba.

Nikiruhusu kitu, huruhusu maana za maneno. Basi.

## Kama ni riwaya au tamthilia

Hatua ni zilezile, ila urefu huleta shida yake: mtoto hukumbuka kisa na kusahau kilitokea wapi. Kila sura ikiisha, aandike kwenye rafu mstari mmoja wa kilichotokea na namba ya ukurasa wa tukio moja alilolipenda au kulichukia. Swali likija wiki tatu baadaye, ushahidi upo.

Kwa mhusika, badala ya "ana tabia gani?" uliza "alifanya nini ukurasa huu ambacho wewe usingefanya?" Tabia hutoka kwenye matendo. Kwa tamthilia, gawaneni wahusika msome kwa sauti, wewe ukichukua yule mwenye maneno machache. Wadogo zake wakijiunga kelele itazidi, lakini hakuna atakayesahau onyesho hilo.

## Kazi ikirudi na wino mwekundu

Asome maoni ya mwalimu kwa sauti kabla ya kutazama alama. Ikiwa imeandikwa "ushahidi?", mrudi Hatua ya 4 kwa hoja hiyo peke yake. Ikiwa ni "fafanua zaidi," ni lile swali la *kwa hiyo?* Achague sentensi moja tu aiandike upya.

Mwalimu akiwa na tafsiri tofauti na ya mtoto, usiende shule kubishana. Mtoto aende mwenyewe, kwa heshima, na ukurasa mkononi: "Mwalimu, mimi niliona hivi kwa sababu ya mshororo huu." Wengi wetu tukioneshwa mshororo tunasikiliza. Asiyesikiliza utakuwa umemjua.

Daftari la rafu msilitupe muhula ukiisha. Wiki za marudio mpe mtoto maswali yake ya zamani bila majibu, ajibu upya kwa dakika 30 kila moja, kisha afungue rafu alinganishe. Hapo huna haja ya kuwa mezani kabisa.